Mpime Kwanza, Fimbo Baadaye

Mnyama akikataa kwenda, wakulima wengi husema ni mkaidi na huchukua fimbo. Mimi naona hilo ni kosa, na ushahidi wangu ni farasi wa Marekani waitwao Appaloosa, wale wenye madoadoa kama chui.

Baadhi yao mchana hufanya kazi vizuri kabisa. Jua likitua hushtuka, hugonga ua, hukataa kuingia bandani. Daktari akiyatazama macho yao haoni kasoro yo yote. Lakini kuna kipimo kingine. Farasi hukaa gizani mpaka macho yazoee, huwekewa waya mwembamba juu ya jicho, kisha taa humulika mara moja kama radi. Mashine huandika jinsi mishipa ya fahamu iliyo nyuma ya jicho inavyojibu. Kwa jicho zima mstari hushuka, kisha hupanda juu. Kwa farasi huyu hushuka tu, haupandi: mwanga umefika, lakini habari haikupelekwa mbele. Mwaka 2007 madaktari wa Chuo Kikuu cha Saskatchewan, Kanada, walieleza kwamba ugonjwa huu huwapata waliorithi rangi ile kwa baba na kwa mama pia. Huzaliwa nao. Fimbo itamfunza nini?

Uziwi nao hupimwa hivyo hivyo. Sikio hupewa milio midogo, na waya zilizowekwa kichwani huonyesha kama mishipa imejibu. Kupiga makofi hakutoshi, maana kiziwi wa sikio moja atashtuka kama wengine.

Utasema mashine hizo si za mtu wa ekari tano. Kweli. Lakini punda wako wa mkokoteni waweza kumjaribu mwenyewe. Peleka kiganja ghafula mbele ya jicho moja, bila kumgusa wala kumpepea upepo. Akipepesa, mishipa imejibu. (Mtoto wa majuma mawili usimhukumu hivyo, hajajua bado.) Kisha mpitishe kati ya madebe mchana, na tena magharibi. Akipita mchana na kuyagonga magharibi, usimtie barabarani usiku penye malori, na ukimwuza mwambie mnunuzi.

Halafu mwite daktari wa mifugo, umweleze ni saa ngapi mnyama hukataa kwenda, na ni upande gani hushtukia. Neno “mkaidi” halitamsaidia kitu.