Mnyonya Damu wa Kitandani na Mnyonya Damu wa Barabarani

Wahakiki wa sanaa nchini Tanzania wamekuwa wakizipa kisogo filamu za bei nafuu, hasa zile zinazochanganya mahaba na damu. Sababu yao si ngumu kuielewa. Filamu hizo zimejaa makosa ya fani, maadili yake yanatia shaka, na msomi anayethubutu kuzijadili hujiweka katika hatari ya kuulizwa ameziona wapi. Hata hivyo, mwanaisimu hana njia ya kuzikwepa. Neno likishatamkwa mbele ya hadhira limekwisha kuingia katika lugha, liwe limetamkwa katika ukumbi wa mihadhara au na mtafsiri wa picha ndani ya kibanda umiza cha Morotonga, jirani na mji wa Mugumu, wilayani Serengeti. Makala haya yanadai kwamba mvuto wa filamu za wanyonya damu zilizotengenezwa Ulaya kwa fedha kidogo umejengwa juu ya sharti moja, nalo ni kufa kwa hofu iliyozaa dhana yenyewe. Na kwamba sharti hilo halijatimia Afrika Mashariki, jambo ambalo watafsiri na waunda istilahi hawana budi kulizingatia.

Fani inayozungumzwa ilishamiri kati ya mwaka 1968 na mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mfaransa Jean Rollin alitoa Le Viol du vampire mjini Paris mwaka 1968, katika siku zilezile za migomo ya wanafunzi na wafanyakazi. Ilianza kama filamu fupi, kisha ikaongezewa sehemu ya pili, na wahusika waliokuwa wamekwisha kufa ikabidi wafufuliwe ili kazi iendelee. Mhispania Jesús Franco, aliyetengeneza filamu zaidi ya 150 maishani mwake, alitoa Vampyros Lesbos mwaka 1971. Mwaka huohuo Mbelgiji Harry Kümel alitoa Les Lèvres rouges, inayojulikana zaidi kwa jina la Daughters of Darkness. Huko Uingereza kampuni ya Hammer, iliyokuwa na fedha zaidi ingawa si nyingi, ilikuwa imekwisha kutoa The Vampire Lovers mwaka 1970, kutokana na Carmilla, hadithi ya Sheridan Le Fanu ya mwaka 1872. Mnyonya damu mkuu katika filamu hizi ni mwanamke, windo lake aghalabu ni mwanamke mwenziwe, na meno shingoni yanachukua nafasi ya tendo ambalo bodi za ukaguzi zisingeruhusu lionyeshwe wazi.

Mvuto wake upo, na haifai kuukana. Kümel alichukua hoteli kubwa ya ufukweni, mjini Ostend, wakati wa baridi ambapo haina wageni, akaweka humo maharusi wawili na mwanamke wa makamo mwenye adabu kupita kiasi, aliyechezwa na Delphine Seyrig. Utupu wa hoteli ile unatisha kuliko meno yoyote. Rollin naye alirudi filamu baada ya filamu katika ufukwe uleule wa mawe karibu na Dieppe, penye magogo yaliyozama nusu majini, hata ufukwe wenyewe ukawa mhusika. Hawakuwa na fedha za kujenga majumba ya kuigiza, kwa hiyo walitumia mahali walipopajua na kupapenda. Ukosefu wa fedha uliwafanya wawe wapole na wavumilivu kwa picha, wasiharakishe.

Kwa mwanaisimu kuna mvuto mwingine: filamu hizi husema kidogo. Requiem pour un vampire ya Rollin inakwenda muda mrefu tangu mwanzo karibu bila mazungumzo. Na filamu isiyosema ndiyo rahisi kuliko zote kusemewa.

Ama kuhusu upungufu, ni mwingi. Wanawake huvuliwa nguo, wanaume hubaki na makoti yao. Kamera ya Franco husogea na kurudi kama mtu aliyesahau alichokuwa akitafuta. Filamu moja huuzwa kwa majina manne na kwa urefu tofauti, mandhari za mahaba zikiongezwa au kupunguzwa kulingana na soko. Ile ya Franco ya mwaka 1973 aliyoigiza Lina Romay ilitoka katika miundo kadhaa, hata ni vigumu kusema ipi ndiyo matini. Kasoro kubwa zaidi ni ya maudhui. Mwanamke wa filamu hizi ana hamu lakini aghalabu hapewi hoja. Vampyros Lesbos inajitokeza kwa dakika chache pale mwenye nyumba anapomsimulia mtumishi wake jinsi alivyopata kuwa alivyo, na chuki yake kwa wanaume ilikoanzia. Hapo ghafla kuna mtu mbele ya mtazamaji, si mwili tu. Kisha filamu inarudi kwenye shughuli zake. Takriban wote huishia kuuawa, na kifo chao hutolewa kama usafi wa mazingira.

Swali la msingi, hata hivyo, si kwa nini filamu hizi ni dhaifu, bali kwa nini mtazamaji wa Paris au Madrid anaweza kustarehe nazo. Jibu limo katika historia ya neno lenyewe. Jina linalotumiwa leo na lugha nyingi za Ulaya lilienea katika miaka ya 1730, baada ya maofisa na madaktari wa jeshi la Austria kuandika taarifa kutoka vijiji vya Serbia, maarufu zaidi ikiwa ile ya mwaka 1732 kutoka Medveđa. Mnyonya damu wa taarifa hizo hana mahaba hata kidogo. Ni maiti ya mwanakijiji, iliyovimba, yenye damu mdomoni, inayolaumiwa kwa vifo vya majirani, na inayofukuliwa, kuchomwa mti kifuani na kuteketezwa. Hofu hiyo ilisumbua utawala hata Malkia Maria Theresa akapiga marufuku ufukuaji mwaka 1755. Ni baada ya hapo, makaburi yalipotulia, ndipo waandishi walipomchukua maiti yule wakamvika nguo za kikabaila: John Polidori mwaka 1819, Le Fanu, kisha Bram Stoker mwaka 1897. Mahaba yaliingia nyumba ambayo hofu ilikwisha kuhama. Rollin na Franco ni wapangaji wa mwisho wa nyumba hiyo.

Kiswahili kina historia tofauti, nayo imeandikwa ndani ya msamiati wake. Dhana ambayo Ulaya imeiunganisha katika kiumbe mmoja, Kiswahili kinaigawa sehemu mbili. Upande mmoja kuna mumiani. Neno hili lina asili ya Kiajemi, katika neno la nta, na ni ndugu wa jina ambalo Wazungu wanaliita maiti zilizokaushwa za Misri. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inalieleza kuwa dawa nyeusi mfano wa utomvu, iliyotumiwa na Waarabu, Wahindi na Waswahili, kisha inaongeza kwamba wengi waliamini ni damu ya watu iliyogandishwa, na kwamba uvumi wa mumiani ulipozuka watu wa mjini hawakutoka nje jioni. Kutoka dawa, neno likahamia kwa mtu anayeitafuta. Enzi ya ukoloni mtu huyo alipewa gari, sare na mwajiri: huko Kenya na Uganda aliitwa mzimamoto, kwa jina la kikosi cha kuzima moto, na Luise White alikusanya masimulizi hayo katika kitabu chake cha mwaka 2000. Dar es Salaam, mtaa wa Buguruni, mwaka 1959, uvumi wa mumiani ulizusha ghasia ambamo askari polisi aliuawa. Mumiani hana uzuri, hana kitanda, hana jina la kike. Ni mnyonya damu wa barabarani, na hamu yake ni ya biashara.

Upande wa pili kuna jini mahaba, anayempenda binadamu, anayemwijia usiku, anayemwonea wivu mume au mke wake. Huyu ana uzuri na hamu, lakini hazungumzwi kama mfanyabiashara wa damu. Hutolewa kwa kisomo, kwa ngoma au kwa maombi; hatafutwi kwa mapanga. (Popobawa wa Pemba na Unguja wa mwaka 1995 anasimama katikati kwa namna yake, kwa kuwa huvamia miili lakini bila mapenzi wala damu, anastahili makala ya peke yake.)

Watengenezaji filamu wa Dar es Salaam walipoanza kutengeneza filamu za kutisha walichagua upande mmoja. Mussa Banzi, baada ya Nsyuka iliyotumia dhana ya Kinyakyusa ya mfu anayerudi, alitoa Shumileta mwaka 2005, inayomhusu mwanamke wa kijini anayempenda binadamu. Kwa fani, filamu hizi zina undugu na zile za Rollin kuliko na za Hollywood: nyumba ya kuazima, waigizaji wachache, uvumilivu wa picha, na mwanamke ambaye uzuri wake ni tishio. Zina pia kasoro ileile, kwani hamu ya mwanamke ikishaonyeshwa inakuwa kosa linalosubiri adhabu. Filamu za Nigeria za miaka ya 1990, kama Karishika, zilikwisha kuizoesha hadhira hukumu hiyo. Lakini kwa kuchagua jini badala ya mumiani, Banzi alifanya uamuzi wa lugha ulio sahihi, awe alikusudia au hakukusudia. Alichukua mahaba mahali yalipo katika Kiswahili.

Mtafsiri wa picha hana uhuru huo. Kazi hii, iliyopata heshima yake kwa sauti ya marehemu Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, humkuta mtu mbele ya picha ya kigeni iliyokwisha kutengenezwa, naye lazima amwite kiumbe aliye kwenye kioo kwa jina fulani, papo hapo. Aghalabu yale yanayopatikana haraka ni matatu: shetani, mchawi, au mnyonya damu. Shetani ni pana mno, halimdhuru mtu. Hayo mawili yaliyobaki yahitaji kupimwa kwa masikio ya hadhira, na Morotonga ni mahali pazuri pa kupimia.

Hadhira ya huko inasikia Kiswahili juu ya Kikuria, Kingoreme, Kiikoma, Kinata na lugha nyingine. Kwa msikilizaji Mkuria, mchawi ni omorogi, neno lenye shina moja na kitenzi cha Kiswahili kuroga. Omorogi ni mtu wa karibu, jirani au jamaa. Mwanamke mgeni mwenye ngome na mtumishi hawezi kuwa omorogi bila dhana kupotoka. Isitoshe, mtafsiri anayemwita mchawi mwanamke mwenye macho mekundu anazungumza karibu na Usukumani, ambako vikongwe wengi wameuawa kwa sababu ya macho yaliyowekundishwa na moshi wa mekoni. Hapa pana jambo la kuchekesha kidogo pia. Filamu ya wanawake wawili katika nyumba moja, iliyowashtua wakaguzi wa Ulaya, inaweza kumkuta Mkuria akiulizia mahari, kwa kuwa anaijua nyumba ntobu, ndoa ambamo mwanamke humwoa mwanamke kwa ajili ya uzazi na urithi wa nyumba. Ndoa hiyo haina uhusiano wowote na matamanio ya Carmilla, lakini inaonyesha jinsi picha isivyosafiri na maana yake.

Inabaki mnyonya damu. Kwa kanuni za uundaji istilahi zinazofundishwa vyuoni, hili ndilo neno bora: ni la Kiswahili, linaeleweka, limeundwa kwa kitenzi na nomino bila kukopa. Kasoro yake ni kwamba tayari lina mwenyewe. Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa-Mvumi, wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma, watafiti wawili wa kituo cha Selian cha Arusha pamoja na dereva wao, waliokuwa katika kazi ya kuchukua sampuli za udongo, waliuawa na gari lao likachomwa moto. Waliodhaniwa kuwa ni nini? Wanyonya damu. Walikuwa na gari, vifaa na mwajiri wa mbali, yaani sifa zote za mumiani wa mwaka 1959. Mwaka uliofuata uvumi wa namna hiyo uliua watu kusini mwa Malawi.

Isieleweke kwamba filamu ndizo zilizowaua watafiti wale. Hakuna anayeweza kusema hivyo, na watazamaji wa vibanda umiza si wajinga. Wanajua mwigizaji ni mwigizaji, na hucheka pale panapostahili kuchekwa. Suala ni la neno. Neno moja haliwezi kwa wakati mmoja kuwa jina la bibi mrembo wa Ostend na jina la mtu anayekimbizwa na umati huko Chamwino, bila upande mmoja kuuchafua mwingine. Ama mahaba yatalipendezesha tuhuma, ama tuhuma itakipa kisa cha kubuni uzito wa taarifa.

Kwa sababu hiyo, hapa pana pahali adimu ambapo mkopo ni bora kuliko neno la nyumbani. Vampaya, kwa tahajia na matamshi ya Kiswahili na kwa upatanisho wa viumbe hai, vampaya anakuja, vampaya wamelala, ni neno geni na ndiyo sifa yake: halimtaji mtu yeyote anayeweza kupita Morotonga na gari. Watetezi wa utaratibu wa kuanza na Kiswahili, kisha lugha za Kibantu, kisha nyingine za Kiafrika, ndipo za kigeni, watapinga, na pingamizi lao si dogo, kwa kuwa utaratibu huo umeikinga lugha dhidi ya uvivu mwingi. Lakini uliundwa kwa ajili ya dhana zisizo na jina. Haukuundwa kwa dhana ambayo jina lake la asili bado linatafutiwa mtu wa kuitwa. Wapo pia watakaosema kwamba vampaya nalo litazoeleka, na siku moja litapata hofu yake lenyewe. Inawezekana. Mumiani nalo lilitokana na nta, likauzwa madukani kama dawa ya mifupa iliyovunjika.