Haki za Mfanyakazi Zibandikwe Ukutani

Ndugu mwajiri,

Ukutani mwa duka lako kuna leseni ya biashara, cheti cha mlipakodi, picha ya Rais, kalenda ya mwaka na kile kibao kinachomwambia mteja kwamba mkopo ni kesho. Karatasi inayokosekana mara nyingi ni ya haki za mfanyakazi. Hiyo nayo si hiari. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka kila mwajiri wa Tanzania Bara aibandike mahali panapoonekana wazi.

Wapo wanaodhani hayo ni mambo ya viwanda vikubwa. La hasha. Yanamhusu mwenye saluni Mwanza, mwenye gereji Mbeya, mama lishe mwenye wasaidizi wawili jikoni, na wewe unayemwachia dada watoto na funguo za nyumba.

Tuanze na mshahara. Amri ya 2013 ilimwekea mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri wake kima cha chini cha Sh40,000 kwa mwezi. Amri iliyoanza Januari 2023 ikapandisha hadi Sh60,000, na nyingine imeanza Januari 2026. Viwango hutofautiana kwa sekta, kwa hiyo usilipe kwa kusikia kwa jirani. Ulizia cha sekta yako. Na kama tayari unalipa zaidi ya kima cha chini, amri mpya isiwe kisingizio cha kushusha.

Kisha kuna makato. Hesabu ya jioni imepungua Sh30,000, au trei ya glasi imeanguka. Wengi hukata mshahara papo hapo, kwa hasira. Sheria inataka umweleze mfanyakazi kwa maandishi hasara ni kiasi gani na imetokeaje, umpe nafasi ya kujitetea, naye akubali kwa maandishi. Hata hapo, makato yasizidi robo ya mshahara wake.

Kuachana nako kuna utaratibu. Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi ya siku 28, au alipwe mshahara wa siku hizo. Anayelipwa kwa siku au kwa wiki hupewa siku 4, na aliye ndani ya mwezi wake wa kwanza hupewa siku 7. Notisi iandikwe, itaje sababu na tarehe, na isitolewe mtu akiwa likizo. Mfanyakazi naye anabanwa na utaratibu huohuo: hana ruhusa ya kutoweka Jumamosi usiku akakuachia duka limefungwa.

Utasema: huyu ni mtoto wa shangazi, tumetoka kijiji kimoja, maandishi ya nini? Mali bila daftari hupotea bila habari, na ajira ni hivyohivyo. Mkifikishana kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi nawe huna hati ya masharti ya kazi mliyokubaliana, wewe mwajiri ndiye utakayebebeshwa mzigo wa kuthibitisha. Kumbe karatasi hiyo inamkinga anayelipa kama inavyomkinga anayelipwa.

Nawe ndugu mfanyakazi, usiisubiri siku ya ugomvi ndipo uulize. Soma mkataba wako kabla ya kutia saini na utunze nakala. Ukiachishwa kazi kwa njia usiyoikubali, una siku 30 za kupeleka shauri kwenye Tume; zikipita, utalazimika kwanza kuomba uruhusiwe kuchelewa.

Basi wiki hii, mwajiri, pita ofisi ya kazi iliyo karibu nawe, uulize viwango vya sekta yako na fomu ya haki za mfanyakazi. Mwandikie kila uliyemwajiri kazi yake, saa zake na mshahara wake. Kisha kaeni pamoja msome, na asiyejua kusoma asomewe mpaka aelewe. Usingoje mkaguzi akukumbushe.