Nani Anasoma Mifumo Inayotuhesabu?

Wiki hii sitaandika habari za mkutano wa hadhara wala za kesi. Nataka tuongee kuhusu shule, na najua kuna ambao wangependa kufunga ukurasa hapa hapa. Msifunge kwanza.

Nina kaka, mtoto wa mama mkubwa, tumelelewa nyumba moja. Aliingia shahada ya uzamili, usimamizi wa biashara na mifumo ya habari, masomo ya jioni. Chuo sikitaji, maana ninalolisema halikuwa kosa la chuo. Mchana anauza chaja na kava za simu, jioni anapanda daladala na begi lake kwenda darasani. Ada ilikuwa ya kuungaunga: huku kikoba cha mama, huku faida ya kava, huku deni kwa rafiki. Ilipofika zamu ya tasnifu akaja na mada ambayo mimi nilishangilia kuisikia. Alitaka kufuatilia mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri.

Kwa wageni wa jambo hili: sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 Serikali ikaisimamisha, baada ya ripoti za CAG kupiga kelele kuhusu mabilioni yasiyorejeshwa na vikundi ambavyo ukivitafuta mtaani huvikuti. 2024 ikarudishwa kwa utaratibu mpya. Sasa kaka yangu hakutaka kumkamata mtu. Swali lake lilikuwa dogo na zuri kweli: tangu kijana wa kata ajaze fomu hadi hela iingie kwenye akaunti ya kikundi, karatasi inapita mikono mingapi? Taarifa inapotelea wapi? Na kwenye kompyuta, nani anaweza kubadilisha jina la kikundi bila kuacha alama?

Hiyo ndiyo shahada yenyewe, jamani. Wengi wetu tukisikia MBA tunaona tai na kiyoyozi. Lakini hiyo ya mifumo inakufundisha kuchora safari ya shilingi moja toka mlangoni hadi inakoishia, na kuonyesha pale palipo na tundu. Mhasibu anakwambia hela imepungua. Mtu wa kompyuta anakwambia mashine inafanya kazi vizuri. Huyu wa katikati ndiye anayeweza kukwambia mashine inafanya kazi vizuri na hela imepungua kwa sababu ya jinsi mashine ilivyopangwa.

Basi, akapeleka barua ya utambulisho kwenye halmashauri moja, nayo siitaji. Miezi minne. Mara afisa yuko semina, mara mtandao unasumbua, mara acha namba yako tutakupigia. Mwisho mtu mmoja akamwambia kwa mdomo tu, pale koridoni: "Kijana, haya ni mambo ya ndani ya ofisi, tafuta mada nyingine umalize shule." Msimamizi wake, mzee wa watu mwenye familia, akamshauri hivyo hivyo. Tasnifu ikageuka kuwa kuridhika kwa wateja wa huduma za pesa kwa simu. Akafaulu vizuri, mbuzi tukachinja, picha za joho tukapiga. Swali lake liko pale pale.

Naandika haya kwa sababu sisi wa Arusha tumezungukwa na vyuo vya aina hii kuliko tunavyojua. Shuka Njiro uone Chuo cha Uhasibu Arusha, ambacho kwa miaka kadhaa kilitoa shahada za uzamili kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Coventry cha Uingereza. Huko huko Njiro kuna ESAMI, taasisi ya menejimenti inayomilikiwa na nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, ambako maofisa wa serikali za watu wanakuja kujifunza kuongoza. Nenda Tengeru, chini ya Mlima Meru, kuna Taasisi ya Nelson Mandela, ambayo ilianza kufundisha 2011 na inatoa shahada za uzamili na uzamivu tu. Watu wanapanda ndege kuja kusoma hapa. Chalii wa Unga Limited anapita getini na bodaboda, amebeba abiria.

Sababu ya kwanza ni hela, tusizunguke. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa Sheria Na. 9 ya 2004 na kazi yake kubwa imekuwa shahada ya kwanza. Uzamili umekuwa wa wachache, hasa walimu wa vyuo wanaojiendeleza. Mtoto wa mama ntilie anayetaka kusoma mifumo Njiro hana boom la kusubiri. Na huyo huyo bado anadaiwa mkopo wa shahada ya kwanza: tangu marekebisho ya 2016 mwajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara, toka 8 ya zamani. Ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa baada ya Rais kutangaza Mei Mosi 2021, na hilo tuliseme maana ni kweli na ni jema. Ila kumpunguzia mtu deni la jana hakumfungulii mlango wa kesho. Chama chetu kinapoandika ilani, mkopo wa uzamili kwa asiye na mwajiri uingie humo kwa maneno yanayoeleweka.

Kuna atakayesema mtaani wamejaa wenye shahada mbili wanauza kava za simu. Ni kweli, na mmoja ni kaka yangu. Shahada ya pili haigawi ajira, na wengi wanaisoma kwa sababu ya kwanza haikuwapa kitu. Lakini mimi siiombei kwa ajili ya ajira peke yake.

Tazameni tunavyotawaliwa sasa. Malipo ya serikali yanapita kwenye kontroo namba. Zabuni zimehamia kwenye mfumo wa NeST tangu 2023. Leseni ya biashara, kitambulisho, majibu ya mtihani, hata daftari la mpiga kura, vyote ni mifumo. Sisi vijana wa upinzani tumefundishana sheria, tumefundishana kuhutubia, tumefundishana hata namna ya kukaa mahabusu bila kuvunjika moyo. Nani kati yetu amefundishwa kusoma mfumo?

Wenzetu wanajua uzito wake, ndiyo maana wameogopa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilianza kutumika 1 Septemba 2015. Haikumaliza miezi miwili. Tarehe 29 Oktoba mwaka ule polisi wakaingia kwenye kituo cha waangalizi wa uchaguzi cha Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, wakakamata wafanyakazi 36, wakabeba kompyuta na simu. Walikuwa wanakusanya na kuchambua taarifa za uchaguzi. Nilikuwa bado mdogo, nimekuja kuisoma darasani, na nikaona hapo ni kompyuta na hesabu ndivyo vilivyovamiwa.

2018 Bunge likarekebisha Sheria ya Takwimu, ikawa kosa kusambaza takwimu zinazopingana na zile rasmi. Kelele zilikuwa nyingi, hata Benki ya Dunia ikasema, na 2019 makali yakapunguzwa. Lakini fikiria mwanafunzi wa uzamili wa mwaka ule, ana dodoso zake 200 mkononi na hajui kama sura ya nne ya tasnifu yake ni utafiti au ni jinai. Sheria ilibadilika, woga ukabaki koridoni. Ule ule wa "tafuta mada nyingine."

Na sisi tusijisifu sana. Nimehudhuria kikao cha vijana ambapo orodha ya wanachama wa kata nzima ilikuwa kwenye daftari la kaunta, na daftari lilikuwa kwa mtu aliyesafiri. Michango inatumwa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, halafu tunaulizana kwa kutazamana usoni. Tunadai halmashauri ionyeshe nyayo za kila shilingi na sisi wenyewe hatuna hata unyayo mmoja. Tukipewa halmashauri kesho asubuhi, tutakaa kwenye viti na mfumo utaendeshwa na wale wale wanaoujua.

Kwa hiyo, kwa walio na shahada ya kwanza na wanafikiria kuongeza: msikimbilie wote sheria, sisi tupo wa kutosha na kesi mnaziona. Waliomo tayari Njiro na Tengeru, chagueni mada zinazouma. Mkikataliwa taarifa, msirudi nyumbani kimya kama kaka yangu alivyorudi. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 kinampa haki hiyo raia, na raia ni wewe, hata bila barua ya chuo. Ombi liwe la maandishi. Wana siku 30 za kujibu, na wakikataa wanapaswa kutoa sababu kwa maandishi. Neno la koridoni halihesabiki.

Nimeshaandika rasimu ya barua ya namna hiyo, kurasa moja na nusu, ya mikopo ya asilimia 10. Kaka amekubali kuisaini yeye mwenyewe, ingawa tasnifu ilishaisha. Jumatatu tunaipeleka pamoja, nakala mbili, na hatuondoki pale masijala mpaka ya kwetu igongwe muhuri wenye tarehe.