Mgeni wa Wiki Nne



Katika barua tulizoletewa karibuni imo moja ya mzee wa Mombasa, nayo ina khofu zaidi kuliko maswali. Kijana wake yuko Marekani, katika mwaka wa mwisho wa chuo cha udaktari. Amempigia simu babake akamwambia kwamba ataiacha hospitali ya chuo chake kwa wiki nne, aende akafanye kazi katika hospitali ya mji mwingine, kwa watu asiowajua, bila ya mshahara. Nauli na kodi ya chumba ni juu yake mwenyewe, na aomba asaidiwe. Mzee atuuliza: "Je, mwanangu amefukuzwa? Au amechoka kusoma, sasa ataka kutembea kwa mali yangu?"

Twamjibu: La, mzee wetu, hakufukuzwa. Kaa kitako tukueleze.

Huko Marekani mtu husoma kwanza chuo kikuu, aghlabu miaka minne, kisha huingia chuo cha udaktari miaka minne mingine. Akishapata shahada bado hajawa daktari wa kujitegemea. Sharti aingie tena hospitali kwa mafunzo ya ubingwa, ambayo ni miaka mitatu kwa tabibu wa jamii, na hufika saba kwa mpasuaji wa ubongo. Nafasi hizo hazipatikani kwa kubisha hodi mlango kwa mlango. Tangu mwaka 1952 uko mpango wa taifa zima: mwanafunzi huandika orodha ya hospitali azitakazo, ya kwanza mpaka ya mwisho, na hospitali nazo huandika orodha ya wanafunzi ziwatakao. Orodha hizo hulinganishwa, na mwezi wa Machi jibu hutoka. Aliyepangiwa mahali amefungika kwenda hapo.

Basi hospitali itamjuaje kijana ambaye haijapata kumwona? Zamani ilitazama sana alama za mitihani. Lakini tangu Januari 2022 mtihani wa kwanza wa leseni hautoi tena alama. Husema tu kwamba fulani amefaulu au hakufaulu. Si ajabu, basi, kwamba neno la mwalimu aliyemwona kijana kwa macho yake limezidi uzito. Ndiyo sababu wanafunzi huomba kuwa wageni, mara nyingi kwa wiki nne, katika hospitali ya chuo kingine. Kwa wanaotaka upasuaji wa mifupa, upasuaji wa ubongo, au tiba ya dharura, jambo hili limekuwa kama ada. Katika tiba ya dharura walimu hujaza waraka wa namna moja kwa nchi nzima, wakimlinganisha mgeni na wenzake. Ama kwa wanaotaka kuwa matabibu wa jamii au wa maradhi ya ndani, wengi hupata nafasi bila ya safari hiyo.

Kwa hiyo swali la kwanza, mzee, si "Umefukuzwa?" Swali ni "Wataka ubingwa gani, na je, chuo chako kinao?" Mwaka 2020, uliposhika ugonjwa wa korona, vyuo vilishauriwa visiwapeleke wanafunzi nje, ila wale ambao fani yao haikuwako katika chuo chao. Kipimo hicho chafaa hata leo kutenga haja na anasa.

Wala usidhani kwamba njia hii ya kusoma ni uzushi wa juzi. Tabibu wetu Abu Bakr al-Razi, aliyefariki yapata mwaka 925, na aliyeongoza hospitali za Rayy na Baghdad, imepokewa kwamba alikaa na duru za wanafunzi mbele yake. Mgonjwa alionwa kwanza na wa duru ya nje. Wakishindwa hao, akaonwa na wa duru ya ndani. Wakishindwa na hao, ndipo al-Razi mwenyewe akasema. Karne nyingi baadaye, huko Baltimore, katika hospitali ya Johns Hopkins iliyofunguliwa mwaka 1889, William Osler naye aliwatoa wanafunzi katika viti vya kusikiliza akawapeleka vitandani kwa wagonjwa. Na mpaka leo utaratibu wa wodi ni huo: mwanafunzi humwona mgonjwa, humweleza daktari aliye mafunzoni, naye humweleza bingwa. Kila mmoja hutegemea ukweli wa yule aliye chini yake.

Na hapa, ndugu msomaji, ndipo penye khatari ambayo mzee wetu hakuiuliza, nayo ni kubwa kuliko nauli. Mgeni ana wiki nne tu. Ataka aonekane, ataka apendwe, ataka aandikiwe barua njema. Mwenye haraka ya kuonekana ni mwepesi wa kusema asilolijua.

Mimi mwenyewe nilipokuwa kijana, mwalimu wangu alinipeleka nikae wiki chache katika darsa ya sheikh wa mji mwingine. Siku ya tatu sheikh aliuliza mas-ala. Kabla wenyeji hawajafungua midomo nikajibu, tena nikataja kitabu ambacho sikupata kukifunua. Sheikh hakunikemea. Alisema tu, "Kesho njoo nacho, utusomee hapo." Usiku ule sikulala. Asubuhi nilimwambia kweli mbele ya wenzangu, huku jasho likinitoka. Akanipa kitabu chenyewe nikisome, na tangu siku hiyo kila nilipojibu aliniuliza, "Umesoma, au umesikia?"

Kosa langu halikumdhuru mtu ila mimi. Lakini mpe kosa hilo mwanafunzi wa udaktari. Asubuhi bingwa amwuliza, "Umeusikiliza moyo wa mgonjwa huyu?" Naye hakuwahi. Akijibu, "Ndiyo, ni mzima," neno hilo huandikwa katika kumbukumbu za mgonjwa, na wengine huja wakajenga juu yake. Yule aliyelala kitandani hajui khabari za ubingwa wala za barua. Yeye amekuja na maumivu yake, amewafunulia watu asiowajua mwili wake na siri zake. Hiyo ni amana. Kijana adhani kwamba yeye ni mgeni wa hospitali. Kwa kweli ni mgeni wa mgonjwa, na mwenye nyumba hadanganywi.

Basi na aseme, "Sikumpima, nakwenda sasa hivi." Imam Malik, kwa ukubwa wake wote, alijulikana kwa kusema "sijui", wala haikumpunguzia kitu. Bingwa mwenye akili humwamini zaidi yule aliyekiri, kwa sababu siku atakaposema "nimepima" itajulikana kwamba amepima.

Yaliyobaki ni adabu ambazo kila mama wa nyumba anazijua. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hospitalini jembe hutolewa siku ya kwanza. Afike kabla ya wenyeji. Awajue wauguzi kwa majina, kwani wao wapo na mgonjwa usiku na mchana. Asimkate kauli mwanafunzi mwenziwe ili ang'are yeye. Khabari za swala na chakula azieleze mapema na kwa upole, asingoje mpaka kazi imepamba moto ndipo atoweke bila ya kuaga.

Ama fedha, mzee wetu, usiuze shamba. Kijana na akuonyeshe hesabu: ada ya maombi, nauli, chumba, na gharama ya chanjo na vipimo ambavyo hospitali hutaka kabla ya kumpokea. Aulize pia kama hospitali ile ina fungu la kuwasaidia wanafunzi wageni, kwani baadhi zinalo. Ikiwa fani yake yataka safari hii, mahali pamoja palipochaguliwa vizuri ni bora kuliko kuzungukazunguka kwa deni. Msaidie kwa kadiri ya uwezo wako, na unapomtumia fedha, mtumie na wasia pia.

Na atakapokupigia simu katika wiki zile nne, tafadhali usianze kwa kumwuliza, "Wamekusifu?" Ukimwuliza hivyo kila siku, utamfundisha kutafuta sifa. Mwulize, "Wagonjwa wako hawajambo?" Kisha ngoja ukamsikilize. Akiweza kukueleza hali zao bila ya kutaja majina yao, na akakwambia pia lipi hakulijua na nani alimfundisha, basi jua ya kwamba fedha yako haikupotea, hata kama barua bado haijaandikwa.

Wabillahi tawfiq.