Dinkinesh na Selam: majina ya Kiamhari angani

Watoto wengi wa shule ya msingi hutaja sayari nane bila kukosea. Waulizwe kuna nini kati ya Mirihi na Mshtarii, hunyamaza, na mara nyingi mzazi naye hana la kuongeza. Kuna mawe, mengi mno, yanayolizunguka jua kama sayari. Huitwa asteroidi.

Moja liligunduliwa Novemba 1999 na mradi wa LINEAR huko New Mexico, Marekani. Likaandikwa 1999 VD57. Njia yake ilipojulikana vizuri likapewa namba, 152830, basi. Ndiyo desturi: jina huja mwisho, na mawe mengi hayajalipata hadi leo. Hili halifiki hata kilometa moja kwa upana, kwa hiyo hakuna aliyelijali.

Mwaka 2023 wataalamu wa NASA wakaona kwamba chombo chao, Lucy, kilichorushwa Oktoba 2021 kwenda kwenye mawe yanayoandamana na Mshtarii, kingeweza kulipitia njiani. Sasa jina likatafutwa.

Lucy ni jina la mifupa ya kale iliyopatikana Hadar, Ethiopia, mwaka 1974, yenye umri wa miaka milioni 3.2. Wachimbaji walilitoa kwenye wimbo wa Beatles uliokuwa ukipigwa kambini. Vitabu vya shule vimelishika hilo tu. Waethiopia wenyewe humwita Dinkinesh, yaani "wewe ni wa ajabu", na jiwe likapewa jina hilo. Ilikuwa haki, hata kama ilichelewa.

Novemba 1, 2023 Lucy ikapita umbali wa kilometa 430 hivi. Picha zilipofika, kumbe Dinkinesh hakuwa peke yake! Kulikuwa na mwezi mdogo ukimzunguka, na picha za baadaye zikaonyesha kuwa mwezi wenyewe ni mawe mawili yaliyogusana. Mwezi wa namna hiyo haukuwa umewahi kuonekana kwenye asteroidi yoyote.

Ukaitwa Selam. Hilo nalo ni jina la mifupa, ya mtoto wa kike wa miaka kama mitatu, iliyopatikana Dikika, Ethiopia, mwaka 2000 na kikosi cha Muethiopia Zeresenay Alemseged. Wengi humwita mtoto wa Lucy. Hapo mwachie mwanao akokotoe: Selam ni wa miaka milioni 3.3. "Mtoto" alimtangulia "mama" kwa miaka laki moja hivi. Na maana ya jina, amani, haihitaji mkalimani kwa anayesema salama kila siku.

Kwa macho matupu Dinkinesh haonekani, wala Selam. Mshtarii huonekana, nyota nyeupe kali isiyometameta. Mwonyeshe mtoto hiyo, kisha mwambie wale wawili wako karibu na jua kuliko hapo, na mzunguko wao mmoja huchukua miaka mitatu na miezi kadhaa.