Mwenye Mti Ndiye Mwenye Kamba



Kila baada ya mvua kubwa na pepo kali, vijiji vya Kibiti na Delta ya Rufiji hupata kazi ambayo haina mwajiri anayejulikana. Mwaka 2024 tuliiona wazi. Mafuriko ya mwezi Aprili yalilegeza udongo wa bonde, na tarehe 4 Mei Kimbunga Hidaya kikaingia nchi kavu upande wa Mafia. Baada ya misukosuko ya namna hiyo, mwenye nyumba hutazama mnazi au mwembe ulioinama juu ya chumba wanamolala watoto wake, na usingizi humwishia. Humwita kijana. Kijana huja na panga, pamoja na kamba aliyoazima kwa wavuvi. Hupatana bei, naye hupanda.

Akishuka salama, hulipwa na habari huishia hapo. Akianguka, sisi sote husema kwa sauti moja: ajali haina kinga. Nia ya makala hii ni kusema kwamba, katika jambo hili, methali hiyo tunaitumia kujiosha mikono.

Torati ililitazama jambo hili zamani sana. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, aya ya 8, mtu anayejenga nyumba mpya anaagizwa kuweka ukingo kuzunguka dari yake, ili damu ya mtu atakayeanguka isiwe juu ya nyumba hiyo. Tuangalie ni nani anayeagizwa. Anayepanda darini haambiwi ajihadhari; anayeambiwa ni mwenye dari. Mungu hakubali kwamba kuanguka ni bahati mbaya tu, ikiwa palikuwapo mtu aliyeweza kuweka ukingo asiuweke. Basi, kilicho wajibu kwa mwenye dari ni wajibu pia kwa mwenye mti.

Yapo majibu matatu ambayo husikika jambo hili linapotajwa, na yanastahili kujibiwa kwa heshima.

La kwanza ni kwamba wazee wetu wamekwea minazi tangu enzi na enzi kwa vidato na kamba fupi ya miguuni. Ni kweli, na ukwezi ni ufundi wa heshima. Lakini mkwezi hupanda mnazi ulio hai, anaoujua, akaangusha nazi na kushuka. Kuukata mti vipande vipande ukiwa umeupanda ni kazi nyingine kabisa. Mnazi mrefu wa pwani yetu hufika mita 20 na kuzidi. Uliokufa kwa ugonjwa wa kunyong'onyea huangusha makuti yote ukabaki nguzo tupu, nao huoza ndani wakati nje bado unaonekana mgumu; kidato kilichombeba mtu mwaka juzi chaweza kumeguka leo. Nao mwembe una hila zake. Tawi lililolalia paa hujikunja kama upinde, na likikatwa hufyatuka upande ambao mkataji hakuutazamia. Hapo hatujataja nyuki na majimoto, ambao humfanya mtu aachie mikono kabla hajafikiri.

Kuhusu kamba, tusidanganywe na macho. Nailoni iliyokaa juani miaka mingi hupoteza nguvu hata ikiwa yaonekana nzima. Kila fundo huipunguzia kamba nguvu, pengine kwa theluthi moja au zaidi. Kamba iliyokazwa kwa uzito wa mtu, ikiguswa na panga kali, hukatika kwa pigo moja. Kwa sababu hiyo wakata miti wenye mafunzo hujifunga mahali pawili wanapotumia chombo chenye makali. Aidha, kamba ya kiunoni peke yake, hata ikimdaka mtu, humbana tumbo na mbavu kwa kishindo kikubwa. Mkanda ulio sahihi hubeba mapaja pia. Mkanda wa gari kuukuu ulioshonwa upya, au nondo iliyochomelewa ili ifungwe kiatuni, ni vitu ambavyo havijapimwa na mtu yeyote. Anayevipima ni kijana yule, kwa mwili wake, akiwa juu.

Jibu la pili ni kwamba kijana alikubali mwenyewe. Tujiulize, alikubali akiwa na nini mfukoni? Mwenye njaa hukubali bei yoyote, na hukubali kamba yoyote. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, wala si mtu kwa ajili ya kazi, na kwamba mfanyakazi ana haki ya mazingira yasiyodhuru afya yake. Nchi yetu nayo ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia ulianza kazi mwaka 2015. Lakini kijana aliyeitwa uani kwa nusu siku jina lake haliko katika daftari la mwajiri yeyote. Pale ambapo daftari halimfikii, dhamiri ya aliyemwita haina budi kumfikia.

Jibu la tatu ndilo zito zaidi: mwenye mti naye ni maskini, kamba bora ataitoa wapi? Hatulipuuzi. Hata hivyo, jumuiya zetu zimezoea kuchangiana maturubai na masufuria kwa ajili ya misiba, na hakuna aliyesema sisi ni maskini mno tusiweze kuzika watu wetu kwa heshima. Tukiweza kuchanga ili tuzike, twaweza pia kuchanga ili tusizike.

Tena tukumbuke kwamba si kila anayeanguka hufa. Wapo wanaovunjika uti wa mgongo, wasihisi miguu yao tena. Kwa mtu wa Kiongoroni, Msala au Maparoni, safari ya matibabu huanza kwa mashua, na mashua husubiri maji yajae. Kisha ni barabara, na pengine hadi Muhimbili. Baadaye hurudishwa nyumbani, ambako mama au mke huanza kazi ya kumgeuza kitandani mchana na usiku ili asipate vidonda, miaka nenda miaka rudi. Mti ulikwisha kuwa kuni zamani, na mwenye mti alikwisha kulipa ujira wa siku ile. Deni lililobaki hulipwa na mwanamke ambaye hakuulizwa lolote.

Kwa hiyo tunazipendekezea jumuiya na halmashauri za walei mambo haya.

Kwanza, tuanzie nyumbani kwa Bwana. Mtu yeyote asipandishwe mti katika viwanja vya parokia na vigango bila zana zilizokaguliwa na msaidizi aliye chini. Hatuwezi kuhubiri ukingo wa dari huku minazi ya kanisa ikikwewa kwa kamba iliyochakaa.

Pili, kila kigango kitafute kamba mbili madhubuti, kofia ngumu na mkanda halisi wa kupandia, vitunzwe kivulini na kuazimwa kwa jirani yeyote, Mkristo au Mwislamu. Kamba iliyochubuka, iliyokauka au iliyowahi kumdaka mtu itolewe katika kazi hiyo.

Tatu, kabla ya kumpandisha mtu, tuulize kama kazi yaweza kufanyika chini. Matawi madogo hufikiwa kwa upembo wenye mundu. Mti ulio mbali na nyumba hukatwa shinani, watu wakiwa wamesogezwa mbali. Mti uliooza asipandishwe mtu. Ulio karibu na nyaya za umeme usiguswe mpaka watu wa TANESCO waitwe.

Nne, aliyeanguka asinyanyuliwe mikono na miguu kama gunia. Alazwe juu ya ubao au mlango, watu kadhaa wakimwinua pamoja, shingo na mgongo vikiwa vimenyooka. Haraka isiyo na utaratibu yaweza kukamilisha madhara ambayo mti uliyaanza.

Tano, mapatano yafanywe mbele ya shahidi, na mwenye mti atamke mapema atabeba nini kazi ikiharibika. Asiyekuwa tayari kutamka hivyo hajawa tayari kumpandisha mtoto wa mwenzake.

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini, nao walikuwa wakimwonya mwenye majivuno. Kijana aliye juu ya mwembe wetu hana majivuno yoyote. Amepanda kwa sababu tumemwita. Tumngoje chini tukiwa tumeshika ncha ya kamba nzima tuliyoinunua sisi wenyewe, hadi miguu yake ikanyage ardhi.