Mnatuuliza Sisi Kuhusu Kaboni?

Niseme wazi mapema: ulimwengu wa sanaa una deni kubwa kwa mazingira, na bili inatumwa kwa mtu ambaye hakula. Msanii wa Nairobi anaulizwa maswali ambayo tajiri anayeruka na ndege yake binafsi kwenda kununua picha hajawahi kuulizwa.

Najua kwa sababu maswali yenyewe huyajibu mimi. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa kulipika, na tangu hapo kodi ya nyumba inatoka kwa kuandikia wasanii maelezo ya kazi zao na kuwajazia fomu za ufadhili. Mwaka huu nilijaza ya mchongaji mmoja wa vyuma chakavu. Mfadhili ni wa Ulaya, jina tuliache. Sehemu ya mazingira ilikuwa ndefu kuliko sehemu ya malipo. Unatumia umeme kiasi gani? Taka zako unazipeleka wapi? Utapunguzaje nyayo zako za kaboni? Sasa huyu jamaa huenda kazini kwa miguu, kutoka Mukuru hadi Industrial Area. Vyuma vyake vimetoka kwa magari yaliyokufa. Stima ikipotea, anaketi nje anangoja irudi. Nilipomsomea swali la mwisho alicheka, akaniuliza, "Sasa nipunguze nini, buda? Kupumua?"

Ukurasa wa mwisho wa fomu hiyohiyo ulisema kazi zitasafirishwa kwa ndege hadi Ulaya, zionyeshwe wiki sita, kisha zirudishwe kwa ndege. Kuhusu hiyo ndege, hakuna swali hata moja.

Tuangalie hesabu basi. Mwaka 2021, shirika la Uingereza liitwalo Julie's Bicycle lilikadiria kwamba sekta ya uchoraji, uchongaji na maonyesho duniani hutoa takriban tani milioni 70 za hewa ya kaboni kwa mwaka. Karibu robo tatu ya hizo ni safari za watu wanaoenda kutazama. Ukiwatoa watazamaji wote, bado unabaki na tani milioni 18 za sekta yenyewe. Halafu fikiria biashara inavyoendeshwa. Art Basel pekee ina maonyesho Uswisi, Miami, Hong Kong na Paris, kila mwaka. Kuta za muda zinasimamishwa kwa siku chache, zinabomolewa, na umati uleule wa wauzaji na wanunuzi unapanda ndege kuelekea mji unaofuata. Hapo ndipo moshi unapotoka. Msee wa Mukuru na mashine yake ya kuchomelea hayumo hata kwenye makombo ya hesabu hiyo.

Hata sanaa inayolilia mazingira inapanda huo mzigo. Desemba 2015, viongozi wa dunia wakiwa Paris kwa mkutano wa tabianchi, Olafur Eliasson na mwanajiolojia Minik Rosing walipanga mapande 12 ya barafu kutoka Greenland mbele ya Panthéon, kwa umbo la saa. Kama tani 80 za barafu, zimesafirishwa kwa meli na malori ili watu wazishike zikiyeyuka. Mwaka 2018 barafu nyingine ikapelekwa London, nje ya Tate Modern. Nampa Eliasson haki yake: kwa ile ya Paris alihesabu, akatangaza tani 30 za kaboni. Wengi hawahesabu kabisa. Lakini jiulize, mchongaji wetu angeandika kwenye fomu kwamba ataharibu tani 30 ili awafundishe watu kuhusu uharibifu, angepewa hata nauli ya matatu?

Kuna jambo lingine linaloniudhi zaidi. Ukitoka Afrika na umeokota kitu, tayari wewe ni "msanii wa taka". Cyrus Kabiru anajulikana duniani kwa miwani yake ya C-Stunners, iliyotengenezwa kwa nyaya, vifuniko na vyuma vya kuokota. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba ilianza utotoni: alitaka miwani, baba akakataa kumnunulia, akajitengenezea. Hiyo ni hadithi ya tamaa na ubunifu, ya mtoto anayetaka kupendeza. Lakini ikifika kwenye kuta nyeupe za wenyewe inageuzwa somo la usafi wa mazingira. Mzungu akitumia shaba, anaulizwa kuhusu umbo. Sisi tukitumia shaba ya kuokota, tunaulizwa kuhusu jaa la Dandora. Umaskini wetu umekuwa mapambo ya dhamiri zao, na bado wanataka tuwajazie fomu.

Mtaniambia natetea wasanii wa hapa kana kwamba ni malaika. La. Sanaa yetu pia imekata miti. Tangu Mutisya Munge aliporudi Wamunyu na ufundi aliojifunza Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, uchongaji wa Wakamba umekua ukawa biashara ya maelfu ya familia, na miongo hiyo yote ilikula mpingo na muhuhu hadi misitu ikaanza kulia. Tofauti ni kilichofuata. Kwa msukumo wa mashirika ya uhifadhi, wachongaji wakaanza kuhamia mwarobaini, mwembe na jakaranda, miti inayokua haraka na iko hata uani kwa watu. Kufikia mwaka 2005, vinyago vya mwarobaini kutoka Pwani vilikuwa vimepata cheti cha FSC. Fundi aliyezoea mti mmoja tangu ujana akajifunza mwingine, kwa mikono yake na kwa hatari ya mfuko wake. Hayo ndiyo mageuzi: yaligusa kiini cha kazi yenyewe.

Huko juu nako kuna dalili, sikatai. Gallery Climate Coalition ilianzishwa London mwaka 2020, na wanachama wake wanalenga kupunguza kaboni kwa angalau nusu ifikapo 2030. Majumba makubwa ya makumbusho yamekubaliana kulegeza masharti ya hewa, nyuzi 16 hadi 25 badala ya kuendesha mitambo usiku kucha ili kipimo kisisogee. Vizuri. Ila malengo ni ya hiari, na mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ni rahisi mno kumwongezea msanii ukurasa wa fomu kuliko kumwambia mnunuzi wako bora kwamba mwaka huu asije.

Kwa hivyo madai yangu ni haya. Anayelipia usafiri ndiye ahesabu kaboni ya usafiri, na aichapishe kando ya jina la maonyesho. Mnaotualika, mpeni msanii muda wa meli. Meli kutoka Mombasa inachukua wiki nyingi, na uchafuzi wake kwa kila kilo ni sehemu ndogo tu ya ule wa ndege. Kinachokosekana ni ratiba inayopangwa mapema. Na kazi ikishafika huko, izunguke miji kadhaa kabla haijarudi, wenyeji wagawane gharama. Kisha zile pesa mnazotumia kuleta wakaguzi kututazama tukikusanya vyuma, zilipieni karakana sola.

Nawe msanii unayesoma hii, ukiletewa tena hiyo fomu, usijidharau ukaanza kutunga dhambi. Andika ukweli: natembea kwa miguu, chuma ni chakavu, stima ni ya tokeni. Chini yake waulize maonyesho yaliyopita yalirusha masanduku mangapi kwa ndege, na nani aliyeyahesabu. Mimi nimeanza kuliweka swali hilo kwenye kila fomu ninayojaza. Kufikia sasa sijajibiwa, lakini nitaendelea kuuliza.